Watoto wa Marehemu Hawagawanywi Kama Vyombo

Ukishafika miaka thelathini na kitu, una kazi inayoeleweka, umeoa au umeolewa, na hapo mnapopanga kuna chumba kimoja cha ziada, basi msomaji wangu jiandae: kuna simu itakuja. Itatoka kijijini. Salamu zitakuwa ndefu kuliko kawaida, utaulizwa mpaka habari za majirani, halafu sauti ya mkubwa mmoja wa ukoo itakwambia, "Tumekaa sisi wazee, tumeona huyu wa katikati umchukue wewe." Huyu wa katikati ni mtoto wa marehemu. Na umechaguliwa kwa sababu moja tu: eti una uwezo.

Yangu ilitoka Ikuti, siku nne baada ya mimi kurudi Dar es Salaam kutoka kumzika dada. Kwa mliozaliwa kwenye joto, Ikuti ni moja ya kata za wilaya ya Rungwe. Kutoka Mbeya mjini mpaka Tukuyu ni kama kilomita 70, na huko kwetu ni migomba, mashamba ya chai, mvua isiyoomba ruhusa, na baridi ambayo ikifika Julai sweta moja halikutoshi. Dada aliishi pale nyumbani kwa mama yetu na watoto wake watatu. Wa kwanza wa kiume, miaka 11. Wa pili wa kike, miaka 6. Kitindamimba, wa kiume, alikuwa hajatimiza mitatu. Baba yao alitangulia kabla huyo wa mwisho hajatembea.

Kikao kiligawa hivi: mkubwa aende Mbeya mjini kwa kaka yangu, akapate shule nzuri. Wa katikati aje kwetu Dar. Mdogo abaki na bibi yake. Sina ugomvi na wazee wangu, maana kila mmoja alitoa alichonacho, na baba mdogo aliyenipigia alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Lakini hebu sikiliza ulivyo mgawanyo huo. Ndivyo tunavyogawana vyombo vya marehemu: sufuria kubwa kwa huyu, kabati kwa yule, na godoro wamwachie mama.

Nisieleweke vibaya, sisi tulimtaka huyo mtoto. Mimi na mwenzangu tuna miaka minne ya ndoa na hatujajaliwa, na ukweli ni kwamba tulimtaka sana. Shangazi mmoja alininong'oneza msibani kwamba mtoto wa kupewa hufungua njia. Sikumjibu, ila nililibeba neno lake ndani ya basi, zaidi ya kilomita 800 mpaka nyumbani. Mwenzangu ndiyo kabisa. Jumamosi ile ile alikwenda Keko kwa mafundi akaagiza kitanda kidogo cha mninga, akachagua na godoro, akaja ananiuliza rangi ya ukuta.

Kabla shule hazijafungwa ili twende kumchukua, alinipigia binamu yangu ambaye ni muuguzi. "Dada, huyu mtoto hayuko sawa." Usiku analowanisha kitanda, jambo alilokwisha kuliacha zamani. Hataki kulala, akifumba macho anashtuka. Na kila jioni, gari la kutoka Tukuyu likikaribia, anatoka mbio mpaka barabarani, anasimama, wanashuka wote, anarudi. Darasani anasinzia, na mwalimu mmoja alishamchapa kwa hilo. (Hili la viboko wala halishangazi. Ule utafiti mkubwa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto Tanzania ulikuta karibu robo tatu ya vijana wamewahi kupigwa, kupigwa kweli, kabla ya kutimiza miaka 18.) Kaka yake yeye yuko uwanjani asubuhi hadi jioni anapiga chandimu, na watu wameshaanza kusema hana uchungu. Mdogo alilia siku kadhaa, sasa ametulia, anakaa mapajani kwa mgeni yeyote. "Wanasema keshazoea," binamu akamalizia, kwa sauti ya mtu asiyeamini anachokisema.

Akaniambia yuko mama mmoja mshauri nasaha, amesomea saikolojia, anafanya kazi Mbeya na anaona watoto. Niliomba likizo, nikapanda basi.

"Aliambiwaje?"

Nilitegemea mama yule ataniuliza mtoto anafanya nini. Hakuuliza. Aliuliza ana umri gani, kwa miaka na miezi, kisha akauliza, "Siku mama yake alipofariki, aliambiwaje? Nataka maneno yenyewe."

Mimi nimesomea mawasiliano, na mkate wangu wa kila siku ni kuangalia neno gani likae wapi. Hapo akawa amenikamata. Nikaanza kumtajia yale niliyoyasikia pale nyumbani kwa wiki nzima ya msiba. Mama amesafiri. Mama amelala. Mama amepumzika. Mungu amempenda zaidi. Kwa mtu mzima hizo ni tafsida, na zina kazi yake, zinatufunika kama kanga begani. Kiswahili chetu kina aibu na neno "kufa". Kuku anakufa, binadamu anafariki, na mwenye cheo anaaga dunia. Tena ukichimba, hata hilo "kufariki" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuachana, kutengana. Yaani hata neno letu la adabu ni la safari!

Mama mshauri akanieleza taratibu. Kulikuwa na Mswisi anaitwa Jean Piaget, aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kuwauliza watoto maswali na kuyachukua majibu yao kwa uzito, hata yale ambayo wengine waliyacheka. Alichokiona ni kwamba mtoto si mtu mzima mwenye akili pungufu. Anafikiri kwa namna nyingine, na namna hiyo hubadilika kwa hatua. Kuanzia kama miaka 2 hadi 7 hivi, neno kwake ni lilivyo. Dunia inazunguka alipo yeye. Na mambo mawili yakitokea kwa pamoja, moja limesababisha lingine.

"Sasa chukua maneno yenu," akasema, "umpe mtu wa namna hiyo."

Mama amesafiri: basi atarudi na gari la jioni. Mama amelala: na aliyelala alifukiwa, kwa hiyo mimi silali. Mungu amempenda zaidi: huyo Mungu ana nini na mama za watu?

Kila kitu ambacho tulikuwa tunakiita kuharibikiwa kilikuwa ni utii. Mtoto alikuwa ameyaamini maneno ya wakubwa zake, neno kwa neno, na anaishi kwa kuyafuata.

Kuna watu wamelifuatilia hili moja la kifo kwa umri. Mwaka 1948 mtafiti Maria Nagy alichapisha kazi aliyoifanya Budapest, Hungaria, kwa watoto wa miaka 3 hadi 10. Wadogo walikiona kifo kama safari au usingizi, yaani marehemu yupo, ila yuko kwingine. Wa katikati walikifanya kuwa kama mtu anayekuja kuchukua, na ukiwa mjanja unamkwepa. Wakubwa, karibu na miaka 9, walijua kwamba kinamaliza uhai wa mwili na hakimwachi mtu. Baadaye, mwaka 1984, Wamarekani Mark Speece na Sandor Brent walipitia tafiti nyingi za wenzao wakaona watoto wengi huanza kuelewa mapema kuliko alivyosema Nagy, kati ya miaka 5 na 7: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake haufanyi tena kazi, na kwamba kila kilicho hai kitakufa.

Miaka sita, basi, ni mlangoni kabisa. Anaweza kuelewa, ila lazima mtu ampe maneno ya kuelewea.

Mama mshauri hakumwambia yeye. Alisema aseme anayeishi naye, ambaye ni mama yangu, na wakafanya mazoezi kwanza jikoni kama watu wanaojifunza wimbo. "Mama yako amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii baridi, hasikii njaa. Hawezi kurudi. Mimi nipo, na usiku nalala na wewe." Mama yangu alikataa katakata hilo la "amekufa". "Mwanangu afe kama mbuzi?" akasema, machozi yakamtoka. Mshauri alingoja. Kisha akamwambia, "Bibi, wewe utamsema kwa heshima maisha yako yote. Huyu anahitaji neno ambalo halina gari ndani yake."

Alilisema siku ya pili, jioni, nje ya jiko. Mtoto aliuliza swali moja: "Hata chooni haendi?" Bibi akasema hata chooni haendi. Basi. Akaenda kucheza. Lile gari la jioni lilipolia honi mtoni kule chini hakutoka.

Magunzi matatu

Usidhani mambo yaliishia hapo. Mama mshauri alikuwa na mkoba wa vitu: gari la bati, ng'ombe wa maganda ya migomba, vitambaa, magunzi ya mahindi, udongo. Mtu angepita angesema huyu analipwa kucheza. Lakini ndiyo tiba yenyewe, na ina historia. Tangu miaka ya 1920, Melanie Klein, akiwa Berlin, aliwawekea watoto vitu vidogo vya kuchezea na kuangalia wanavipangaje, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kukaa kwenye kiti akakusimulia kinachomsumbua kama wewe na mimi. Virginia Axline kule Marekani akaandika kitabu mwaka 1947 kuhusu kumwacha mtoto mwenyewe aongoze mchezo, na mtu mzima afuate nyuma. Mchezo kwa mtoto ni lugha yake. Aliyekunyima lugha yako kakunyima kujitetea.

Niliruhusiwa kukaa pembeni mara moja, kwa masharti kwamba nisitie neno. Ilikuwa mara yao ya tatu. Mtoto akachukua gunzi kubwa, akalifunga kitambaa, huyo mama. Akachukua gunzi dogo, akaliwekea kizibo cha chupa kichwani, hiyo ndoo. Gunzi kubwa likasema, "Kateke maji." Gunzi dogo likasema, "Sitaki." Gunzi kubwa likaanguka. Akalisimamisha, akaanza upya. Kateke maji. Sitaki. Likaanguka. Mara nne, mara tano, uso mkavu.

Mshauri akauliza, bila kupaza sauti, "Huyu mdogo anafikiri nini?"

"Yeye ndiye kamuua."

Ningekuwa mimi ningemrukia nimkumbatie nimwambie usiseme hivyo. Yeye hakufanya hivyo, na alinieleza sababu baadaye: "usiseme hivyo" inazuia kusema tu, fikra inabaki ndani pale pale, sasa ikiwa na kufuli. Na kutoa hotuba ya ugonjwa kwa mtu wa miaka sita ni kupoteza pumzi. Fikra iliyokuja kwa magunzi itaondoka kwa magunzi. Akaliomba lile gunzi kubwa. "Na mimi nijaribu?" Akaambiwa haya. Kateke maji. Sitaki. Gunzi kubwa likabaki limesimama. "Mama amekasirika," mshauri akasema, "lakini amesimama." Tena. Sitaki. Limesimama. Mtoto akalitazama kwa muda mrefu sana, halafu akajaribu mwenyewe: sitaki, sitaki, sitaki! Likasimama. Akacheka. Ndipo mshauri akamwambia kwa sentensi mbili kwamba mama yake aliugua ndani ya mwili, na kwamba maneno ya mtoto, hata yawe mabaya, hayaingizi ugonjwa ndani ya mwili wa mtu.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya migomba kama nilivyokuwa sijalia siku ya mazishi.

Nikamuuliza je, kaka yake wa miaka 11 angesema vile vile, angechezewa magunzi? Akacheka, akasema angemtukana. Umri ule unapima ushahidi. Yeye anataka kujua ugonjwa unaitwaje, ulianza lini, hospitali walifanya nini, na mbona hawakuweza. Ukimficha atajaza mapengo mwenyewe, na atajaza vibaya. Mara nyingi naye anajilaumu, ila kwa hoja: ningemwambia mtu mapema, ningekimbia zaidi. Hoja inajibiwa kwa hoja.

Kwa umri wake, na kidogo chini na juu yake, kuna kazi imefanyika jirani kabisa. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, huku kwetu Moshi na kule Bungoma, Kenya. Nusu yao walipitia vikao 12 vya kikundi na vichache vya mmoja mmoja, wakisaidiwa kusimulia kifo chenyewe na kuyaweka mezani mawazo ya kujilaumu. Walezi nao walikuwa na vikao vyao. Walioendesha hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Mwishoni, katika maeneo matatu kati ya manne, hawa walipungukiwa na mateso ya moyo kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Baada ya mwaka mmoja tofauti hiyo ilibaki Kenya. Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu karibu sawa. Nimeitafakari sana hiyo sentensi ya mwisho. Mimi naisoma hivi: tiba inaharakisha, lakini kuna kitu kingine kinachomponya mtoto polepole, na tunapomhamisha hovyo tunaweza kukikata.

Wanakula kwa mama

Wanyakyusa tulikuwa na elimu yetu ya makuzi kabla ya hao wa Ulaya. Godfrey na Monica Wilson waliishi Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938 wakiandika maisha ya watu wetu, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu kuhusu vijiji vya rika. Mvulana alichunga ng'ombe akiwa mdogo, na akifika kama miaka 10 au 11 aliwaachia wadogo zake ng'ombe, akaanza kulima, akaenda kulala na wenzake wa umri wake kwenye vibanda walivyojijengea wenyewe. Ila kula walikula kwa mama zao. Walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule.

Hebu tazama akili iliyomo hapo. Mtoto anaondoka, lakini haondoki peke yake, haendi mbali, na chungu kinabaki pale pale. Mjerumani Erik Erikson, aliyehamia Marekani na kuandika kuhusu hatua za maisha mwaka 1950, angeelewa mara moja: umri wa shule ni umri wa kujipima na wenzako, naweza au siwezi. Kwa hiyo yule kijana anayepiga chandimu siku nzima "bila uchungu" alikuwa ameenda kwenye nyumba yake ya pili, kwa rika lake, baada ya ya kwanza kuungua. Na sisi tulikuwa tunampangia safari ya Mbeya mjini.

Halafu hakuna aliyemuuliza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni asikilizwe kwenye maamuzi yanayomhusu. Mshauri ndiye alimuuliza. Kijana akainama, akachora chora chini kwa kidole cha mguu, akasema, "Nikienda Mbeya, mdogo wangu nani atamvusha darajani akienda shule?" Kumbe kila asubuhi ndiye anamshika mkono. Hakuna mtu mzima aliyekuwa na habari.

Na yule aliyezoea? Hapo mama mshauri alikunja uso. Mwaka 1952 James Robertson, Mwingereza, alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali siku nane bila mama yake. Yeye na John Bowlby walieleza hatua ambazo mtoto mdogo hupitia akitenganishwa na wake: kwanza anapinga kwa kilio, halafu anakata tamaa, halafu anajitenga, anachangamka kwa kila mtu na hamwegemei yeyote. Wauguzi wa siku zile waliifurahia hatua ya tatu. Waliita kuzoea.

Ndipo akaniuliza swali ambalo nimekuja nalo mpaka kwenye ukurasa huu. "Mama mdogo, watoto hawa wakianguka wakaumia, wanamkimbilia nani?"

Swali hilo lina mizizi Afrika Mashariki, na nilipojua hilo nilifurahi kidogo hata katikati ya huzuni. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby London, alimfuata mumewe Kampala mwaka 1954. Akatafuta familia 26 za vijijini zenye watoto wachanga, akawa anazitembelea kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila mara, kwa miezi mpaka tisa. Alikuwa amesikia kwamba kwa mila ya Waganda mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake asahau, akataka kuona inakuwaje. Akakuta wachache tu ndio bado wanafanya hivyo. Badala yake aliona kitu kingine: mtoto anatambaa mbali na mama yake, anachezea hiki na kile, anageuka kumtazama, anaendelea, akishtuka anarudi. Ana pa kuondokea na pa kurudia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na waliofuata wamejenga juu yake sehemu kubwa ya tiba ya watoto ya leo.

Nilikaa uani kwa mama siku mbili nikiangalia tu. Mdogo akianguka: bibi. Msichana akiumwa na nyuki: bibi, na bibi akiwa shambani, kaka yake. Mimi, mama yao mdogo ninayekuja Krismasi na maboksi ya nguo, nilikuwa naonyeshwa nguo zilivyowakaa.

Nikampigia mwenzangu usiku, nimesimama kwenye kilima ambako mtandao unapatikana. Nikamweleza yote. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Na kitanda?" Sikuwa na jibu, naye hakutegemea jibu. Baada ya siku tatu alishuka Tukuyu na begi moja.

Kikao cha pili kilikuwa kigumu. Baba mdogo alisema la haki: "Mwanangu, mama yako ana karibu miaka sabini na magoti mabovu. Tumwachie watoto watatu kwa sababu Mzungu fulani alitazama watoto Uganda?" Mama mshauri, ambaye tulimwomba aje, hakutetea Mzungu yeyote. Alisema watoto wanaweza kuhama, wengi wamehama na wakakua vizuri, na wanaweza kushikamana na mlezi mpya. Ila isiwe sasa, isiwe wote kwa mkupuo, na isiwe mmoja mmoja kama wanasambazwa. Wameshapoteza mtu mmoja. Mgawanyo ule ungewapotezea wale wakubwa wawili watu wengine watatu kila mmoja, na mdogo wawili, kwa wiki moja.

Ni mwenzangu aliyepata njia. Akawauliza wazee: ule uwezo mliotuchagulia, hauwezi kupanda basi wenyewe? Ada ya shule ya Dar peke yake ilikuwa inatosha kumlipa binti wa ukoo akae na bibi, akachote maji na kupika, na ikabaki ya kliniki ya magoti. Kaka yangu akachukua sare, madaftari na bati za chumba cha nyuma. Mkubwa atakwenda Mbeya wakati wa likizo, apaonje. Sisi tutakwenda Ikuti mara nne kwa mwaka, kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kalenda ya ukutani kwa bibi, na kupiga simu kila Jumapili saa kumi jioni, hata kama hatuna la kusema. Mshauri alisisitiza hilo la saa: mtoto aliyeachwa ghafla anahitaji watu wanaokuja walipoahidi. Baada ya mwaka tutakaa tena, na safari hii kijana atakuwa na kiti chake.

Yule wa miaka sita sasa ana saba. Kitanda bado hulowa usiku mmoja mmoja. Mdogo wake siku hizi analia mtu akimbeba asiyemjua, na mama mshauri alipoambiwa alifurahi kupita kiasi. Kitanda cha mninga kipo chumbani kwetu Dar, bado kina nailoni yake. Mwenzangu hutandika nguo zilizopigwa pasi juu yake. Lile neno la shangazi hatulizungumzii sana.

Jumapili iliyopita, katikati ya habari za kuku, aliniuliza, "Mama mdogo, na wewe utakufa?"

Nikamwambia ndiyo, watu wote hufa siku moja, ila mimi siumwi na natarajia kuishi miaka mingi sana, mpaka awe mtu mzima.

"Na bibi?"

Na bibi. Nikamwambia ikitokea, sisi wote watu wazima tupo, na hatabaki peke yake hata siku moja.

Nikamsikia anavuta pumzi. Kisha akauliza kama Krismasi tunakuja na ile baiskeli, au baba mdogo ameshasahau.